BAHASHA YA DAWA NI HATI: ISOME, IHESABU, ITUNZE

Dawa inapotoka katika dirisha la dawa hospitalini Kilindoni, au katika zahanati ya kijiji, au katika duka la dawa muhimu, hutoka pamoja na maandishi. Mara nyingi maandishi hayo ni mistari miwili mitatu ya kalamu juu ya bahasha ndogo. Wengi wetu tukifika nyumbani tunamimina vidonge katika kopo na bahasha tunaitupa. Wengine huitumia kufungia chumvi au kuandikia deni la sukari. Wiki hii tuzungumze juu ya bahasha hiyo: nini kiandikwe juu yake, makosa gani hutokea, na sheria inasema nini kosa likimdhuru mtu.

Wananchi wa Mafia hawana udhuru wa kutosoma. Wilaya yao ilikuwa miongoni mwa wilaya sita zilizoteuliwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ifikapo mwisho wa mwaka 1971. Bibi na babu waliokaa chini ya minazi na kujifunza a, e, i, o, u wakati ule hawakujifunza ili wasome majina ya mashua tu. Kusoma bahasha ya dawa ni kisomo chenye manufaa kuliko vyote, maana kosa lake haliko ubaoni, liko tumboni.

KINACHOTAKIWA KUANDIKWA

Bahasha iliyoandikwa vizuri ina jina la mgonjwa, jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, idadi ya vidonge vilivyomo, kiasi cha kumeza kila mara, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi, tarehe, na mahali dawa ilipotoka. Kama kuna la kuangalia, kwa mfano dawa inywewe baada ya chakula, nalo liandikwe. Lebo ya kiwandani ina yake zaidi: jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya kwisha muda wa matumizi.

Sasa angalia bahasha uliyo nayo nyumbani. Pengine utaona "2 x 3" na basi. Hata jina la dawa halipo.

Hiyo "2 x 3" maana yake ni vidonge 2, mara 3 kwa siku. Namba ya kwanza ni vidonge, namba ya pili ni mara. Lakini nani alikufundisha hivyo? Mtu ambaye hakuambiwa anaweza kuisoma kinyume, akameza vidonge 3 mara 2. Jumla ya siku ni ile ile 6, lakini mwili haufanyi hesabu kama darasani. Kiasi cha kila mara kimezidi, na muda kati ya dozi na dozi umekuwa mrefu mno.

Jambo la saa lina hatari zaidi, na ni letu sisi wasemaji wa Kiswahili. Mgawa dawa akiandika "kila saa 8" anataka kusema dozi moja, halafu zipite saa nane, halafu dozi nyingine. Yaani mara tatu kwa siku. Msomaji wa Baleni anasoma "kila saa 8" na kuelewa kwamba kila siku ikifika saa nane mchana, wakati wa kula, anameza dawa. Anameza mara moja tu badala ya tatu. Ugonjwa hauponi, na yeye anasema dawa ya hospitali haifai. Je, nani amekosea hapo? Mgawa dawa aliandika neno la kweli, msomaji alisoma neno lililoandikwa. Kosa ni la maandishi. Ingeandikwa "saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku", hata mtoto wa darasa la tatu angeweza kumkumbusha bibi yake.

Vivyo hivyo kwa saa za Kizungu. Maelezo ya kiwandani yakisema dawa inywewe saa 8 ya asubuhi kwa hesabu ya Kizungu, hiyo kwetu ni saa 2 asubuhi. Anayetafsiri kwa haraka huacha namba kama ilivyo.

Dawa za maji zina balaa lake. Kijiko cha chai ni mililita 5, kijiko kikubwa cha mezani ni mililita 15. Bahasha au chupa ikisema "kijiko kimoja" bila kusema kijiko gani, mtoto aweza kupewa mara tatu ya kipimo chake. Na vijiko vya nyumbani havilingani. Kila fundi ana chake. Omba kikombe au kijiko cha kupimia kilichotiwa alama.

MAJINA YANAYOFANANA

Kuna kosa jingine ambalo mgonjwa hawezi kuliona kwa urahisi, nalo ni dawa moja kuwekwa katika bahasha yenye jina la nyingine. Yako majina yanayofanana mno. Tuyaandike hapa kama yalivyo kwenye makopo, ili uzione herufi zenyewe: chlorpromazine ni dawa ya ugonjwa wa akili, chlorpropamide ni dawa ya kisukari. Metronidazole hutumika kwa amiba na maambukizo mengine, metformin ni ya kisukari. Mwandiko mbaya katika cheti cha dawa, taa hafifu, foleni ndefu, na makopo mawili yamekaa jirani kwenye rafu. Kosa halihitaji mtu mwovu. Dawa ya kisukari ya namna ya chlorpropamide ikimezwa na mtu asiye na kisukari huweza kushusha sukari ya damu mpaka akazimia, na asipowahiwa akafa.

Ndiyo maana mganga akikuambia unatibiwa nini, uliza jina la dawa kabla hujaondoka kwake. Ukifika dirishani, linganisha. "Dada nesi, daktari kaniambia dawa ya amiba, hii ndiyo?" Swali hilo si utovu wa adabu. Mgawa dawa mwenye akili hulifurahia, maana linamwokoa yeye pia.

Kwa watu wa visiwani liko tatizo la maji. Mgonjwa wa Chole, Juani au Jibondo hupanda mashua kurudi kwake. Bahasha iko katika kanga au mfuko wa shati, wimbi linapiga, wino unavuja. Akifika nyumbani ana vidonge vyeupe vya duara na karatasi yenye doa la buluu. Vidonge vyeupe vya duara ni vingi kuliko kome wa pwani. Tia bahasha ndani ya mfuko wa nailoni kabla ya kushuka bandarini. Na mgawa dawa anapokata kwa mkasi ile karatasi ya bati iliyopangwa vidonge, asikikate kipande chenye jina na tarehe ya mwisho bila kuyaandika tena juu ya bahasha, maana hayo ndiyo mwisho wa ushahidi.

HESABU YA MGONJWA

Wako wanaosema, mimi si daktari, nitajuaje kama kimeandikwa vibaya? Huwezi kujua yote, lakini kuzidisha unajua. Chukua dawa ya malaria ya mseto, ambayo Tanzania iliiteua mwaka 2006 kuwa dawa ya kwanza badala ya SP. Mtu mzima wa kilo 35 au zaidi humeza vidonge 4, mara 2 kwa siku, kwa siku 3. Nne mara mbili mara tatu ni 24. Mtoto wa kilo 16 humeza vidonge 2, mara 2, siku 3, jumla 12. Dozi ya pili hufuata saa nane baada ya ile ya kwanza, na zilizobaki ni asubuhi na jioni. Sasa kama bahasha ya mtoto imeandikwa "4 x 2" na ndani mna vidonge 12, hesabu imegoma. Ama idadi ni ya mtoto na maandishi ni ya mtu mzima, ama kinyume chake. Usikisie. Rudi dirishani kabla hujavuka bahari.

Kanuni ni hiyo kwa dawa yoyote yenye siku maalumu: kiasi, zidisha kwa mara, zidisha kwa siku, kisha hesabu vidonge mkononi. Ikiwa 2 x 3 kwa siku 5, viwe 30. Vikiwa 15, kuna neno limekosewa.

Watu wa Mafia wanalijua jambo la kipimo zamani. Mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha ulianza kugawa dawa hapo Mafia mwaka 2000, kabla ya wilaya nyingine nchini. Wagawaji walikuja na kijiti chenye alama, wakampima kila mtu kimo, na kimo ndicho kilichoamua idadi ya vidonge vya ivermectin, pamoja na kidonge cha albendazole. Mja mzito hakupewa, wala mtoto mchanga, wala mgonjwa mahututi. Dawa ilimezwa papo hapo mbele ya mgawaji. Hapakuwa na bahasha ya kwenda nayo nyumbani, kwa hiyo hapakuwa na la kusoma vibaya. Dawa ya zahanati haina mgawaji wa kusimama mlangoni pako siku tano. Ina maandishi peke yake.

KOSA LA KIWANDANI

Yapo makosa ambayo hata mgawa dawa hawezi kuyaona, kwa kuwa yalikuja na kopo. Mwaka 2009 wakaguzi wa serikali waligundua dawa bandia ya malaria iliyobandikwa jina la Metakelfin katika maduka 40 ya dawa hapa nchini. Jina lilikuwa sawa, lakini kiini cha dawa ndani ya vidonge hakikutosha. Mwaka 2012 katika hospitali ya wilaya ya Tarime, mkoani Mara, ikagundulika dawa bandia ya kupunguza makali ya Ukimwi iliyoandikwa TT-VIR 30, toleo namba OC.01.85. Serikali iliagiza vituo visimamishe matumizi ya toleo hilo.

Angalia namna hatari ile ilivyokamatwa: kwa namba ya toleo. Ile namba ndogo pembeni mwa kopo, ambayo hakuna aisomaye, ndiyo iliyowezesha kusema "hili liondoke, hili libaki". Mgonjwa aliyehamishia vidonge katika chupa ya pilipili hawezi kujua kama vyake ni vya toleo hilo au la.

Kazi ya kusimamia ubora wa dawa sasa ni ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyochukua jina hilo mwaka 2019. Kabla ya hapo ilisimamia na chakula pia. Wafamasia, wasaidizi wao na maduka yao wako chini ya Baraza la Famasi, kwa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanza mkoani Ruvuma mwaka 2003 na kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, yanaruhusiwa kuuza dawa chache tu kati ya zile za cheti, na muuzaji wake lazima awe amepata mafunzo.

SHERIA INASEMAJE?

Hapa ndipo wasiwasi ulipo, wa mgonjwa na wa mgawa dawa. Mgonjwa husema: nimedhurika, lakini nani atanisikiliza mimi mvuvi? Mgawa dawa naye husema: niko peke yangu zahanatini, napima, nachoma sindano, nazalisha, nagawa dawa, nikikosea herufi moja nitafungwa?

Tuanze mbali kidogo, maana kesi mama ya jambo hili ilitokea Marekani na iliamuliwa mwaka 1852. Mama mmoja wa Cazenovia, jimbo la New York, Mary Ann Thomas, aliandikiwa dawa ya mmea usio na madhara. Mumewe akainunua dukani. Chupa ilikuwa na kibandiko cha mmea huo, lakini ndani mlikuwa na belladonna, ambayo ni sumu. Rangi na harufu zilifanana. Mama aliugua vibaya, akaponea chupuchupu. Muuza duka alikuwa ameinunua chupa kwa mfanyabiashara wa mjini, na yule naye kwa Bwana Winchester, ambaye karakana yake ndiyo iliyobandika kibandiko. Winchester akajitetea: mimi sikumwuzia mama huyu kitu, hatuna mapatano naye. Mahakama ikakataa. Ikasema anayebandika jina la dawa juu ya sumu anahatarisha maisha ya yeyote atakayeinywa mwisho, hata kama chupa imepita mikono mitatu. Akalipa fidia.

Mwaka 1932 majaji wa Uingereza nao walifika hapo katika kesi ya Bibi Donoghue wa Scotland na konokono aliyedaiwa kuwamo katika chupa ya soda. Nchi yetu ilirithi sheria ya kawaida ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na hukumu za baada ya hapo mahakama zetu huzitazama kama mwongozo. Kwa hiyo dawa iliyotoka kiwandani, ikapita bohari, ikavuka kutoka Nyamisati mpaka Kilindoni, ikaingia zahanatini, bado inamfuata aliyeibandika vibaya.

Katika madai ya namna hii mdai hutakiwa kuonyesha mambo matatu: kwamba mwenzake alikuwa na wajibu wa kumwangalia, kwamba aliuvunja kwa uzembe, na kwamba madhara yalitokana na uzembe huo. La tatu ndilo huwashinda wengi. Kuumwa baada ya kumeza dawa hakutoshi. Ni lazima ionekane kwamba ulimeza kile kilichoandikwa, na kwamba kilichoandikwa kilikuwa kosa. Bila bahasha utaonyesha nini? Neno lako, na neno la mgawa dawa. Daftari la zahanati litasema umepewa dozi sahihi, kwa sababu daftari liliandikwa vizuri. Bahasha ndiyo iliyokosewa, na bahasha uliiwashia moto wa kupikia pweza.

Mwajiri pia huwajibika kwa kosa la mtumishi wake akiwa kazini. Kwa hiyo mwenye duka hawezi kusema "ni kijana wangu yule". Na ukitaka kuidai Serikali au halmashauri, sheria inataka uipe taarifa ya maandishi ya siku 90 kwanza, na nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3. Kwa mtoto muda huhesabiwa tangu atimize umri wa utu uzima, lakini mzazi asikae akingoja. Mashahidi huhama, na wengine hufariki.

Na jela? Kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani anayegawa, kuuza au kumpa mtu dawa kwa uzembe au pupa ya kiasi cha kuhatarisha maisha au cha kuelekea kumdhuru mtu mwingine. Soma vizuri maneno hayo. Si kila kosa la kalamu ni jinai. Mgawa dawa aliyekosea namba, akagundua jioni, akamtuma mtu kwa baiskeli mpaka Kirongwe kumzuia mgonjwa asimeze, huyo amefanya kazi yake. Anayenyamaza na kurekebisha daftari usiku ndiye anayejitafutia kesi. Kwa maoni yetu hofu ya sheria imewafanya baadhi ya watumishi kuficha makosa ambayo yangesahihishwa kwa nusu saa, na hapo sheria haina lawama; lawama ni ya wakubwa wanaomkaripia aliyesema kweli. Mtumishi anayeona dawa imeleta madhara anayo fomu ya njano ya kupeleka taarifa kwa Mamlaka ya Dawa. Fomu hiyo ni ya kuripoti madhara, siyo hati ya mashtaka.

UFANYE NINI UKISHUKU

Acha kumeza, lakini usiitupe dawa. Mpeleke mgonjwa kituoni mara moja akiwa na bahasha na vidonge vilivyobaki, maana mganga atatibu haraka zaidi akijua kilichomezwa. Mgonjwa kwanza, madai baadaye. Kisha andika siku hiyo hiyo: dawa ilitolewa lini, wapi, vidonge vingapi vimemezwa, saa ngapi, dalili zilianza lini. Anayeandika polepole aandikiwe na mwanawe, atie sahihi au dole gumba. Usimpe mtu bahasha yenyewe bila kubaki na nakala au picha yake ya simu. Peleka malalamiko kwa msimamizi wa kituo, na asipokusikia, kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Jambo la duka lifike kwa Baraza la Famasi.

Asiye na fedha za wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao husaidia bila malipo kuandika barua na kueleza njia. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri kule Kilindoni.

Na kama bahasha imelowa njiani kabla hujameza kidonge hata kimoja, usikisie wala usimwulize jirani ambaye "aliwahi kupewa kama hizo". Irudishe kwa mashua ya kwanza, iandikwe upya na mkono wa aliyetoa dawa, na itiwe tarehe ya siku hiyo.